Hii si pancha, mwanangu

Niseme mapema, mi sio mtu wa baiskeli. Sina zile kaptula za kubana, sina miwani ya upepo, na wale jamaa wa Jumamosi asubuhi wanaoenda Bagamoyo na kurudi nikiwaona nawapungia mkono tu, kila mtu na dini yake. Mi nilinunua baiskeli kwa sababu ya foleni tu. Nakaa Ubungo, kazini ni Posta, na kuna asubuhi unasimama kituoni basi la mwendokasi la kwanza linapita limejaa, la pili limejaa, la tatu watu wamebanwa kwenye kioo mpaka mashavu yamekuwa bapa, unaingia la nne kwa kusukumwa na ukifika ofisini viatu vyako vina nyayo za watu wengine. Sasa pembeni ya Morogoro Road kuna ile njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyokuja pamoja na mradi wa mwendokasi, ule ulioanza kubeba abiria 2016. Ndiyo najua, bodaboda wanapita humo, muuza viatu yumo, mama wa chapati yumo, lakini ipo, na mtu mwenye baiskeli na subira anafika Posta bila kuguswa bega na mtu.

Nikanunua mtumba wa Kijapani. Mnaujua, kikapu mbele, keria nyuma, stendi ya miguu miwili, taa ya dinamo, na kile kikufuli cha tairi la nyuma ambacho ufunguo wake ulibaki Japani na mwenyewe. Kwenye fremu kuna stika ndogo ya namba na maandishi ya Kijapani, sijawahi kuibandua, naona kama cheti chake cha kuzaliwa. Laki na themanini. Muuzaji akaniambia dada hii ni ya kufa na kuzikana. Wiki ya pili tairi la nyuma likawa linaisha upepo.

Halikuwa linaisha kwa kishindo. Jioni unajaza, asubuhi unakuta limelegea, si limelala kabisa, limelegea tu kama mtu aliyeamka na malaria. Nikaenda kwa fundi wa kwanza, kijana yuko karibu na kituo, mchangamfu sana, ananiita bosi lady. Pancha, bosi. Akaziba, buku. Kesho yake limelegea tena. Pancha nyingine, bosi, barabara ina misumari hii. Buku. Mara ya tatu akasema tyubu imechoka, viraka vimejaa, nunua mpya, nikanunua. Siku mbili hivi safi, ya tatu limelegea. Sasa akasema tatizo ni tairi, tairi la mtumba limekauka linakwaruza tyubu, na nikikumbuka vizuri hapo ndipo niliposikia kaubaridi kwenye uti wa mgongo, kale ka kujua kwamba naliwa ila sina ushahidi. Jumla kwa mwezi ule ilikuwa kama elfu thelathini na kitu, na tairi lilikuwa bado linalegea.

Nisimseme sana yule kijana. Nimefikiri baadaye, inawezekana kabisa hakuwa mwizi. Inawezekana hakujua tu, na fundi asiyejua akishaanza kukisia, kila kisio analipa mteja. Tofauti yake na mwizi kwenye pochi yako ni ndogo sana.

Basi asubuhi moja niko Magomeni nasukuma, maana limelegea mpaka ringi inagonga lami, nimevaa vya ofisini, jasho linanitoka, na kuna mzee amekaa chini ya mwarobaini pembeni na baiskeli kama sita zimepinduliwa miguu juu. Nilikuwa nampita kila siku sijamuangalia. Hana bango. Ana kijibenchi, beseni la maji, boksi la vyuma, na waya umefungwa kwenye tawi una matairi mawili matatu yananing'inia. Nikamsalimia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, pancha? Nikasema ndiyo, pancha.

Hakuchukua spana. Alijaza upepo kwanza, akafungua kile kifuniko cha valvu, akalamba kidole, akapaka mate pale juu ya tundu la valvu, akainama kuangalia. Akaniita, njoo uone. Nikainama na mimi na blauzi yangu ya ofisini. Pale kwenye mate kulikuwa na kiputo kidogo, kidogo mno kama kichwa cha pini, kikavimba, kikavimba, kikapasuka. Kikaanza kingine.

"Hii si pancha, mwanangu."

Kwa wasiojua, baiskeli nyingi za Kijapani zina valvu ya aina yake, si kama ya gari na si ile nyembamba ya baiskeli za mashindano. Ukiifungua ile nati unachomoa kijiti cha chuma, na juu ya hicho kijiti kumevalishwa kampira kembamba kama soksi, unene wake kama mrija wa pipi ya kijiti. Ndio kanazuia upepo usirudi. Ukipampu upepo unakasukuma pembeni unaingia, ukiacha kanarudi kanaziba. Ni kazi yote hiyo inafanywa na kipande cha mpira cha sentimita chache, na mpira ukikaa miaka kwenye joto unapasuka. Kangu kalikuwa kamechanika kwa urefu. Alinionyesha akikavuta kwa kucha mbili, kakafunguka kama ganda la karanga. Unaweza kubadilisha tyubu kumi, kama kila mara unahamisha kijiti kile kile na kampira kake kale kale, upepo utatoka tu. Na ndicho kilichokuwa kinafanyika mwezi mzima. Kila mara ninapofungua pochi, kale kampira kanarudishwa kwa heshima zote mahali pake, hata siku ya tyubu mpya.

Akakata kingine kutoka kwenye roli aliyokuwa nayo kwenye kopo la maziwa, akakilamba ili kiteleze, akakivalisha, akafunga, akajaza. Dakika nne. Nikauliza shi ngapi mzee. Mia mbili.

Mia mbili jamani. Nilikuwa na noti ya elfu tano na nikaona aibu, nikasema chenji abaki nayo, akakataa, akamtuma dogo wake akaivunje kwa muuza vocha na akanihesabia mkononi elfu nne na mia nane. Nimekuwa nikiifikiria ile elfu nne na mia nane muda mrefu kuliko hela yoyote niliyowahi kurudishiwa.

Maana ukweli ni huu. Yule kijana wa kwanza kwa kutokujua kwake alipata elfu thelathini kwangu. Mzee kwa kujua kwake alipata mia mbili. Angeweza kabisa kusema pancha, mi mwenyewe ndiye nilikuja na hilo neno mdomoni, angeziba hewa akachukua buku yake na kale kampira akakabadilisha kimya kimya, ningeondoka nafurahi. Kwa hiyo ule uaminifu ulimgharimu mia nane papo hapo mbele ya macho yangu. Na mi nilikuwa nimezoea kusema natafuta fundi mwaminifu, natafuta fundi mwaminifu, kama natafuta embe lililoiva, bila kujiuliza huyo mwaminifu anakula nini jioni.

Swali hilo ndilo lililotengeneza urafiki wetu, kama naruhusiwa kuuita hivyo na mtu anayeniita mwanangu. Ila lilichukua muda na mi ndiye niliyekosea kwanza.

Kosa langu lilikuwa tairi. Tairi la nyuma lilikuwa kweli limekwisha (yule kijana alipatia hapo, saa mbovu nayo ina saa zake), na mzee akasema likiisha kabisa niambie nikutafutie. Nikauliza bei, akataja, nikaona mhm. Mwanamke wa mjini mimi, nikajiongeza, Jumamosi nikaingia Kariakoo mwenyewe. Nikasoma kwenye tairi langu, 26. Nikaenda duka la kwanza, nataka tairi la 26, akatoa lina meno makubwa kama la trekta. Nikasema mbona nene, akasema dada 26 ni 26, nene ndo linadumu. Rahisi kuliko bei ya mzee kwa elfu nne. Nikalibeba begani kama shujaa, nikapanda nalo mwendokasi, Jumatatu nikalitua mbele ya mzee.

Hakusema kitu. Aliliweka juu ya ringi yangu, mdomo wa tairi ukawa mdogo kuliko ringi, halifiki. Halikukaribia hata. Akageuza lile tairi la zamani akapangusa vumbi kwa kidole gumba akanionyesha namba ndogo ambazo sikuwahi kuziona, 37-590. Akageuza langu jipya, 50-559. Ile namba ya mwisho, mwanangu, ndo ringi. Hiyo 26 ni jina tu, kama watu wawili wote Juma. Mia tano tisini na mia tano hamsini na tisa, ni milimita za pale tairi linapokaa kwenye ringi, tofauti sentimita tatu na kidogo, na hakuna mwanaume wa kulivuta likaingia. Baiskeli za milimani za 26, zile za vijana, ndo 559. Baiskeli ya Kijapani ya 26 ni 590. Na baiskeli yake mwenyewe mzee, Phoenix ile nyeusi ya breki za vyuma, ni 28 ambayo ringi yake ni 635, kubwa kuliko hizo mbili.

Nikarudi dukani. Bidhaa ikishatoka hairudishwi dada, kimeandikwa hapo. Kweli kilikuwa kimeandikwa. Lile tairi liko nyumbani mpaka leo, mtoto wa dada yangu analikalia akiangalia katuni.

Kilichoniuma zaidi ni uso wa mzee. Hakukasirika, alinyamaza tu kidogo, ile ya kunyamaza ya mtu anayetafuta spana ambayo anayo mkononi. Nikaelewa baadaye dogo aliponiambia wakati mzee ameenda kuswali. Kiraka hakimlishi mtu. Hela ya fundi iko kwenye spea, anapokutafutia kitu anaweka cha juu kidogo, na hicho cha juu ndicho kinacholipia mate ya kwenye valvu, kinalipia kukuambia hii si pancha, kinalipia kujua kwamba 590 si 559. Mi nilichukua ushauri bure nikapeleka hela kwa mtu aliyeniambia 26 ni 26.

Kuanzia siku ile spea zote zinapitia kwake. Sibishani na cha juu chake. Mara nyingine najua kabisa kitu fulani Kariakoo ni elfu nane na yeye ananiambia kumi, nalipa kumi nanyamaza, na nikiletewa mtu ofisini anayesema mafundi wezi wanaongeza bei namwuliza mwenzangu wewe hapa unalipwa kwa kunyanyua karatasi?

Sasa watu huwa wananiuliza, mmoja juzi tu, nitamjuaje fundi mzuri wakati mi sijui baiskeli. Jibu langu moja tu, usimuangalie fundi, angalia nati za baiskeli zinazotoka kwake. Fundi mbaya ana koleo moja anafungulia kila kitu, kwa hiyo nati za wateja wake zimeliwa kona, zimekuwa duara kama shanga. Nati ikishakuwa duara hakuna fundi mwingine atakayeifungua kwa heshima tena. Kwa mzee pale kuna spana ya kila namba, nyingine za zamani mpaka namba zimefutika anazijua kwa uzito, na nati zinazotoka pale zina kona zote sita. Mengine kama ana bango, ana fulana ya kampuni, anaongea vizuri, sijui ana ukurasa Instagram, hayo hata siyaangalii.

Na kaa umtazame akifanya kazi, hata kama huelewi. Mi nilikuwa napenda kukaa pale kwenye kibenchi Jumamosi. Kuziba pancha kwenyewe ambako kila mtu anadhani anakujua, mzee ana utaratibu ambao sijauona kwingine. Akishaitoa tyubu kwa vile vijiko vyake viwili (ni vijiko kweli, vya chakula, amevipondaponda mpini) haishiki kwanza tyubu, anashika tairi. Anaingiza vidole ndani anazunguka nalo taratibu amefumba macho kama anapima nguo. Anatafuta kilichotoboa. Siku moja kwangu alikikuta, kiwaya chembamba kama unywele wa mbuzi, urefu punje ya mchele, akasema hiki kimetoka kwenye tairi la lori. Matairi ya malori yakipasuka pale barabara kubwa nyaya zake zinabaki pembeni ya lami, ndizo zinazotutoboa, si misumari. Ukiziba tyubu ukaacha kiwaya ndani umeziba bure. Halafu anapiga msasa, anapaka solusheni, na anaacha. Hapa ndo wengi wanapofeli maana mteja ana haraka na fundi anaogopa mteja. Mzee anapaka halafu anageukia kazi nyingine kabisa, anakunywa kahawa, wewe unaangalia saa, anarudi anagusa kwa mgongo wa kidole, kikinata bado. Mpaka kisinate ndo anaweka kiraka.

Ringi nayo. Ilimtoka tu kwamba ni mtu wa Shinyanga, na kule kwao baiskeli ilikuwa kila kitu, inabeba pamba, inabeba maji, inabeba abiria kwa nauli, inabeba mgonjwa. Alianza kusuka ringi akiwa mdogo. Anakwambia Phoenix mbele ina spoku thelathini na mbili, nyuma arobaini, kwa sababu mzigo uko nyuma, Waingereza walipanga hivyo zamani na Wachina na Wahindi wakaiga. Anapindua baiskeli juu chini, anazungusha tairi, anashika kipande cha chaki karibu na ringi bila kugusa, pale ringi inapoyumba inajichora yenyewe. Anakaza upande huu robo, analegeza upande ule robo. Halafu anapita na ukucha spoku moja moja, ting, ting, ting, tung. Hiyo ya tung imelegea. Siku moja kuna bodaboda ameegesha karibu amefungulia muziki mzee akamwomba kwa adabu kabisa apunguze, kijana nasikiliza ringi hapa. Yule bodaboda alicheka mpaka akazima.

Lakini nisimchore kama malaika. Ana mambo yake. Hapokei simu akiwa na grisi mikononi, na ana grisi mikononi kutwa nzima. Hapendi baiskeli za gia nyingi, ukimletea anaangalia ile mashine ya kuhamisha gia kama anaangalia ugomvi wa ndoa, anakuelekeza kwa kijana mwingine Sinza, na hilo kwangu ni la kumsifu kwa kweli, ila rafiki yangu niliyempeleka alichukia. Kuna vitu hawezi na anasema hawezi. Breki yangu ya nyuma, wenye mitumba ya Kijapani mnajua ninachosema, ile ya kopo yenye mkanda unaokaba kwa nje. Inalia. Si kulia kidogo, inalia kama mbuzi anayevutwa Idd. Nilimwambia mzee niondolee hii aibu, akaifungua, akaisafisha, akaipiga msasa, kimya siku tano, ikaanza tena. Nikarudi. Akasema mwanangu nitakusafishia kila wiki na utanilipa kila wiki na italia kila wiki, hii breki ndo ilivyozaliwa. Acha ilie. Sasa hivi pale Manzese muuza maji ananijua kwa breki, anaanza kutoa chupa kabla hajaniona.

Kuna siku tuliwahi kukorogana vibaya. Nilikuwa nimeacha baiskeli ibadilishwe pedeli, zile za mwanzo zilikuwa zimekatika plastiki. Saa tisa niko ofisini simu inaita, mzee, yeye ambaye huwa hapigi. Mwanangu tumekuharibia. Hivyo hivyo, hakuanza na habari za kazi. Dogo alikuwa ameachiwa, na pedeli ya kushoto kama hujui inafungwa kinyume, unakaza kwa kuzungusha upande ambao nati za kawaida zinafungukia. Zimeandikwa herufi ndogo, L na R, dogo hakuziona au hakuzijali, akaingiza ya kulia kushoto kwa nguvu na spana ndefu mpaka akala nyuzi zote za ndani ya mkono wa pedeli. Ukitia pedeli sasa inaingia kama kidole kwenye uji.

Nilikasirika. Nilikuwa na safari ya jioni, nikasema maneno ambayo nisingemwambia baba yangu, nikakata. Nikapanda mwendokasi nimesimama nimenuna mpaka Ubungo. Lakini usiku nikawaza, kwamba angeweza kufunga ile pedeli na kipande cha bati ndani, ikashika wiki mbili, ikachomoka siku niko peke yangu Jangwani, na nisingejua kamwe kama ni kosa la dogo au ni uchakavu. Nilimsikiliza mtu akijishtaki mwenyewe na mi nikamkatia simu.

Kesho yake nikaenda asubuhi na mapema na maandazi. Alikuwa ameshapata mkono mwingine kutoka kwenye mtumba mmoja wa Kijapani uliokufa fremu, ameshaufunga, na hakutaka hela. Nikalazimisha angalau hela ya pedeli, akachukua ya pedeli. Dogo alikuwa amekaa pembeni kimya na kwenye beseni kulikuwa na pedeli kama ishirini za zamani, amepewa kazi ya kuzitenganisha, kushoto huku, kulia huku. Sikusema kitu. Tulikula maandazi.

Kuna vitu nimejirekebisha na mimi, maana uhusiano na fundi una pande mbili na upande wa mteja hatuuandiki sana. Zamani nilikuwa nikiacha baiskeli nasema naitaka leo leo hata kama ninaihitaji Jumamosi, nikiamini ukimwambia fundi Jumamosi atafanya Jumanne ijayo. Na yeye kwa kujilinda ananijibu kesho. Tunadanganyana wote wawili kwa heshima. Siku hizi namwambia kweli, mzee hii mi nahitaji Ijumaa, na yeye taratibu ameanza kuniambia kweli pia, ingawa hilo neno kesho bado linamtoka, nadhani ni tabia ya mdomo tu. Nimejifunza kulitafsiri. Kesho ni keshokutwa. Kesho asubuhi ni keshokutwa jioni. Kesho Mungu akipenda, panda mwendokasi.

Kingine, sipeleki tena baiskeli chafu. Masika ya kwanza nilimletea ina tope la Jangwani limekauka mpaka kwenye cheni, akaipokea, lakini nilimuona anatumia nusu saa kukwangua na kijiti kabla hajafika kwenye tatizo, na hiyo nusu saa hakuitoza. Sasa naosha nyumbani. Pia kila baada ya muda nampelekea baiskeli haina tatizo lolote, aikague tu, apime cheni na ile rula yake ya shule (inchi kumi na mbili ziangukie pini kwa pini, ikizidi kama moja ya kumi na sita ya inchi cheni imevutika itoe kabla haijala meno), akaze kinachokazwa, na kwa hilo namlipa elfu tano. Mwanzo aliikataa, anasema sijatengeneza kitu. Nikamwambia umeangalia. Akaifikiria ile, akaikunja akaiweka kwenye kofia.

Na nimemletea watu. Sita mpaka sasa, mmoja tu aliyechukia.

Basi wiki iliyopita ile mvua mliiona. Pale Jangwani maji yalikuwa yanapita juu ya njia, nikaona nikizunguka nitachelewa, nikapita, maji yakafika katikati ya tairi, juu ya habu, kile kitovu cha tairi chenye gololi ndani. Nilijua nakosea, nilikuwa nasikia sauti ya mzee kichwani na bado nikapita. Siku tatu baadaye nyuma kukawa kunasaga, krrr krrr, kama mtu anatafuna wali wenye mchanga. Jana jioni nimempelekea. Akainua, akazungusha tairi, akaweka sikio kwenye siti, akaniangalia.

Umepita majini.

Nikasema ndiyo mzee.

Akafungua habu pale pale. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, gololi mbili zimekatika na nyingine zina vidonda kama ndui. Akazihesabu kwenye kiganja, akazitupa kwenye kopo, akasema za nyuma ni robo inchi, anazo saba tu, zinatakiwa kumi na nane, tisa kila upande, na huwezi kuchanganya mpya na zilizochoka. Atamtuma dogo Kariakoo. Kikombe zinamozungukia gololi akakipitisha ukucha ndani, mara mbili, akasema kimepona, una bahati.

Baiskeli yangu iko pale chini ya mwarobaini sasa hivi, miguu juu, haina tairi la nyuma. Nimemuuliza lini mzee, akasema kesho Mungu akipenda. Asubuhi nimejaza kadi ya mwendokasi.